Saa ya mkononi ya kuvaa wakati wa kupika: tuichague kwa jinsi inavyooshwa

MwikoMpana (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila swali la saa linapoulizwa hapa, majibu huelekea kwenye jina la kampuni, bei, na kama saa ni halisi au ya bandia. Leo naomba tujadili jambo dogo zaidi linalowagusa wengi wetu kila siku: ni saa gani ya mkononi inamfaa mtu anayepika? Sizungumzii saa ya ukutani wala simu. Simu jikoni ina shida zake, kwa sababu mwenye mikono yenye unga au mafuta hawezi kuigusa bila kuichafua, na akiiacha sebuleni haisikii inapolia kwa sababu ya mlio wa kikaango.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili wanaopinga wapate pa kuanzia. Wengi huchagua saa ya jikoni kwa kusoma maandishi ya kuzuia maji, ya mita 30, 50 au 100, yaliyoko mgongoni mwa saa. Mimi naona kipimo cha kwanza kiwe kingine kabisa: je, unaweza kuisugua saa hiyo kwa sabuni na mswaki wa zamani kila unapomaliza kukata nyama, bila kuionea huruma? Kama jibu ni hapana, hiyo si saa ya jikoni, hata kama inaweza kuzama baharini na mvuvi wa pweza.

Chukueni mfano wa kuku aliyechinjwa nyumbani. Anayemkata hushika paja kwa mkono wa kushoto, ambao kwa wengi wetu ndio wenye saa, na yale majimaji ya rangi ya waridi hutiririka kutoka vidoleni hadi kwenye kifundo cha mkono. Akimaliza, hunawa kwa sabuni, lakini hunawa kuanzia vidoleni na kuishia pale mkanda unapoanza. Chini ya mkanda hubaki majimaji ya kuku, na vijidudu kama salmonela, ambavyo kuku mbichi huwa navyo mara nyingi, havijaguswa na sabuni hata kidogo. Baada ya muda mfupi mkono huohuo unachanganya kachumbari, nayo kachumbari haipiti motoni.

Ukikubali kipimo hicho, mikanda mingi inajiondoa yenyewe. Mkanda wa ngozi hunywa kila kitu, kuanzia jasho hadi tui la nazi, na hauoshwi ukabaki ngozi. Mkanda wa nailoni unaoshwa vizuri, lakini hukauka polepole na hushika harufu ya kitunguu saumu mpaka mtu akushangae ndani ya daladala. Mkanda wa chuma cha pua unaonekana msafi kwa nje, ila unga wa chapati huingia katikati ya viungo vyake ukakauka kama saruji, na kuutoa kunahitaji sindano na uvumilivu. Unaobaki ni mkanda wa silikoni au wa plastiki ngumu, wenye uso laini usio na mifereji, na wenye kifungio cha kawaida kinachofunguka kwa mkono mmoja.

Hapa nitawaudhi wapenzi wa G-Shock. Naiheshimu saa hiyo. Mhandisi Kikuo Ibe wa kampuni ya Casio alilenga saa ihimili kuanguka kutoka urefu wa mita 10, ihimili shinikizo la bari 10 (ndilo linaloandikwa mita 100), na betri yake idumu miaka 10, na ya kwanza ikaingia sokoni mwaka 1983. Kwa kugongwa na mchi wa kinu, haina mpinzani. Lakini itazameni kwa karibu: gamba lake limejaa mashimo, mikunjo na nafasi kati ya plastiki ya nje na mwili wa ndani. Ukikanda unga wa mahamri ukiwa umeivaa, utakuta unga katika kila pembe, na baada ya siku mbili unga huo unanuka hamira. Uimara wake umetengenezwa kwa ajili ya mishtuko, na jikoni mishtuko ndiyo shida ndogo kuliko zote.

Kipimo cha pili ni namna saa inavyohesabu. Saa pendwa kuliko zote kwa unafuu, Casio F-91W, ambayo imekuwepo tangu 1989, ina uzito wa gramu 21 tu na betri yake hukadiriwa kudumu miaka 7. Ni nyembamba, mkanda wake ni wa plastiki, na ikiharibika haikulizi. Hata hivyo, ina kasoro moja inayomhusu mpishi: haina uwezo wa kuhesabu muda kurudi nyuma. Inahesabu kwenda mbele tu, hadi mwisho wa dakika 59 na sekunde 59, kisha inaanza upya, wala haikupigii kelele kwamba mayai yameshaiva. Unaweza kuutegea mlio wake wa kuamsha, lakini kufanya hivyo kwa kila sufuria ni kazi ya kubofya inayochosha. Ndugu yake, AE-1200WH, ile yenye ramani ndogo ya dunia usoni, huhesabu kurudi nyuma kuanzia sekunde 1 hadi saa 24, imeandikwa mita 100, na betri yake hukadiriwa kudumu miaka 10. Kwa anayepika maharage na wali kwa pamoja, tofauti hiyo ni kubwa.

Nimetaja maharage kwa makusudi. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili iitwayo lektini, nayo huharibiwa na mchemko wa kweli, si kwa moto mdogo. Waingereza hushauri yalowekwe kwa muda wa saa 12 au zaidi, maji yale yamwagwe, kisha maharage yachemke kwa nguvu katika maji mapya angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto, na Wamarekani wanataka dakika 30. Dakika hizo huanza kuhesabiwa pale maji yanapotokota, si pale sufuria inapowekwa jikoni, na wakati huo mikono yako ina kitunguu. Ndipo saa inayokubali kuanzishwa kwa kitufe kimoja inapoonyesha thamani yake.

Naomba michango, hasa kutoka kwa mafundi saa na wapishi wa kazi.

ZamuYaUsiku

Mkuu MwikoMpana, uzi ni mzuri, lakini kwa sisi tunaopika kwa mshahara umeanzia katikati. Mimi ni mpishi wa hoteli huku Zanzibar, na jikoni kwetu saa ya mkononi hairuhusiwi, iwe ya silikoni au ya dhahabu. Hilo si ukali wa bosi. Kanuni za Codex Alimentarius, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kuhusu usafi wa chakula, ambazo nchi nyingi huzifuata, zinataja saa pamoja na vito na pini kuwa ni vitu visivyopaswa kuvaliwa panapoandaliwa chakula endapo vinahatarisha usalama wake. Marekani wamekaza zaidi: mwongozo wao wa chakula unamruhusu mwandaaji abaki na pete isiyo na nakshi, kama ya ndoa, na kila kitu kingine cha mikononi kivuliwe, hata kile chenye taarifa za ugonjwa wake. Uingereza nao huwataka wafanyakazi wavue saa kabla ya kuanza kupika.

Kwa hiyo swali langu ni hili: unampendekezea mtu saa ya kuvaa mkononi wakati anayelipwa kwa kazi hiyohiyo anakatazwa?

MwikoMpana

Ndugu ZamuYaUsiku, nashukuru, na sikupingi. Kwa anayepikia wateja, jibu ni kuvua. Hakuna saa ya kuchagua hapo, na anayetafuta saa "inayoruhusiwa" anatafuta njia ya kukwepa kanuni yenye sababu nzuri.

Uzi huu unawahusu zaidi wanaopika nyumbani, ambako hakuna mkaguzi, na ambako watu watavaa saa hata tukisema nini. Lakini hoja yako inanikumbusha suluhisho ambalo wauguzi wanalo tangu zamani: saa ndogo inayoning'inia kifuani, uso ukiwa umegeuzwa juu chini ili mwenyewe aisome akiinamisha macho. Mwaka 2007 Idara ya Afya ya Uingereza ilitangaza kwamba wahudumu wa hospitali wawe watupu kuanzia kwenye kiwiko kushuka chini, bila saa wala bangili, na saa ya kifuani ikazidi kuwa na kazi. Mpishi wa nyumbani anaweza kuibana kwenye aproni, juu, karibu na bega, ili isining'inie ndani ya chungu anapoinama kuonja. Kwa hotelini, uliza kwanza, kwa kuwa kanuni hiyohiyo ya Codex imetaja pini, na kitu chochote kinachoweza kudondoka ndani ya chakula kina kesi ya kujibu.

FundiWaMishale

Salaam wakuu. Mimi hutengeneza saa kwa riziki yangu, kwa hiyo nitajikita kwenye maji na mvuke.

Maandishi ya mita yanawapotosha wengi. Mita 30 haimaanishi kwamba unaweza kushuka nayo mita 30. Ni shinikizo la bari 3 lililopimwa kiwandani, saa ikiwa mpya na imetulia, na kwa matumizi ya kawaida tafsiri yake ni kwamba inavumilia mvua na maji ya kunawa. Kwa anayeosha vyombo kila siku, mimi humshauri aanzie mita 50, na akipata 100 atulie.

Lakini mvuke ni habari nyingine. Kinachozuia maji ni raba nyembamba zilizoko chini ya mfuniko wa nyuma, kwenye vitufe, na kwenye kile kidude cha pembeni cha kurekebishia mishale. Saa ikipata joto, hewa ya ndani hutanuka. Ukiiingiza ghafla kwenye maji baridi ya sinki, hewa hiyo husinyaa na kuvuta kilichopo nje kupitia upenyo wowote uliopo. Anayefunua sufuria ya wali, mvuke ukampiga mkononi, kisha akaenda moja kwa moja kuoshea mchicha kwenye maji ya baridi, anaifanyia saa yake hivyo mara nyingi kwa jioni moja.

Kiwango cha kimataifa cha saa zinazozuia maji, ISO 22810, kina jaribio zuri la kugundua unyevu. Saa huwekwa juu ya bamba lenye joto la nyuzi 40 hadi 45 mpaka nayo ipate joto hilo, kisha tone la maji ya nyuzi 18 hadi 25 huwekwa juu ya kioo. Baada ya dakika moja hivi kioo hufutwa kwa kitambaa kikavu. Kama ukungu umejitokeza upande wa ndani, saa imeshindwa. Nyumbani unaweza kuiga jambo hilo kwa upole: acha saa ikae mkononi au kwenye jua hafifu hadi iwe vuguvugu, kisha tone la maji, kisha utazame. Msiiweke juu ya kikaango, tafadhali.

Sasa niseme ninapotofautiana na mwanzisha uzi. Sabuni anayoisifu si rafiki wa raba. Maji yenye sabuni hupenya upenyo ambao maji matupu yangeishia kando yake, na sabuni kali za kuondoa mafuta hukausha raba kadiri miaka inavyokwenda. Osha, ndiyo, lakini kwa sabuni ya kawaida ya vyombo iliyochanganywa na maji mengi, ya baridi au vuguvugu kidogo, na usibofye kitufe chochote saa ikiwa imelowa. Katazo hilo limo hata kwenye vitabu vya maelekezo vya saa za mita 100.

Nyongeza: saa nyingi zinazoletwa kwangu zikiwa na maji hazikuharibiwa na maji. Ziliharibiwa siku ya kubadilisha betri, pale aliyezifungua aliporudisha raba ileile iliyokwisha kubonyea, au ikakaa upande. Ukibadilisha betri, dai raba mpya na mafuta yake ya silikoni.

MwikoMpana

Fundi, nimekuelewa, na suala la sabuni kali nalikubali bila ubishi. Ila sioni kama linabomoa kipimo changu. Mimi nasema saa ya jikoni iwe ile ambayo mtu yuko radhi kuiosha, na wewe umetueleza ioshweje ili idumu. Kama gharama ya kuondoa majimaji ya kuku ni raba kuchakaa mapema, basi saa iwe ya bei ambayo raba yake, au hata yenyewe nzima, inabadilishwa bila kikao cha familia. Hiyo ni sababu nyingine ya kutovaa saa ya harusi jikoni.

BintiKisomo

Wakuu, mbona hakuna anayezungumzia saa janja? Mimi ninayo, na kwa kupika sijaona inayoizidi. Naiambia kwa sauti ihesabu dakika 12 za mayai, naiambia tena ihesabu 25 za wali, na zote zinakwenda kwa pamoja zikiwa na majina yake. Kwenye Apple Watch jambo hilo la kuweka hesabu kadhaa kwa wakati mmoja limewezekana tangu toleo la programu la 2021. Inanigonga mkononi taratibu, mtoto haamki.

MwikoMpana

Dada BintiKisomo, kwa kuhesabu, nakubali kwamba saa janja imezishinda zote. AE-1200WH ina hesabu moja tu ya kurudi nyuma, na mwenye sufuria tatu lazima achague ipi inastahili.

Lakini iangalie kwenye kuoshwa. Apple wenyewe huonya kwamba sabuni na losheni zinaweza kudhoofisha vizuizi vya maji vya saa hiyo, hushauri isivaliwe kwenye vyumba vya mvuke, na huitaja ile ya kawaida kuwa ya kutumika katika hewa ya nyuzi 0 hadi 35. Jiko la bati la Dar es Salaam mwezi wa pili, mkaa ukiwa umekolea, huzidi nyuzi 35 hizo. Kuna pia kioo cha kugusa: matone ya maji juu yake huhesabiwa kama vidole, na kidole chenye mafuta huteleza bila kuhesabiwa. Sauti inakuokoa pale mtandao na lugha vinapokubali. Ningekuwa na saa hiyo ningeifunga kwenye mpini wa kabati lililo karibu na jiko, ikawa msaidizi badala ya kuwa vazi.

PeteYaMzamiaji

Naona wote mmeganda kwenye saa za namba. Niruhusuni niitetee saa ya mishale, ile ya wazamiaji yenye pete inayozunguka kioo.

Utaratibu wake ni huu. Maji yakitokota, unazungusha pete mpaka ile alama ya pembetatu ielekeane na mshale wa dakika. Basi. Baadaye ukitupia jicho, mshale wa dakika unakuonyesha kwenye pete ni dakika ngapi zimepita. Hakuna kitufe cha kubofya, kwa hiyo lile katazo la fundi kuhusu vitufe vyenye maji halikuhusu. Unaweza kuizungusha kwa upande wa kiganja au kwa kifundo cha kidole, mkono ukiwa na unga hadi kwenye kiwiko.

Kuna jambo moja ninalolipenda zaidi. Kwenye saa hizi, zilizoanza kuenea miaka ya 1950, pete kwa kawaida huzunguka upande mmoja tu, kinyume na mwendo wa mishale. Walifanya hivyo ili ikigongwa kwa bahati mbaya chini ya maji, ionyeshe muda uliopita kuwa mrefu kuliko ulivyo, na mzamiaji apande juu mapema badala ya kuchelewa na kuishiwa hewa. Jikoni hitilafu hiyohiyo inakupeleka kufunua chungu mapema. Pilau haijawahi kuungua kwa kuangaliwa mapema.

Casio wana MDV-106 na mrithi wake MDV-107, za mita 200, na bei yake si ya kutisha. Zinakuja na mkanda wa plastiki.

MwikoMpana

Mkuu, hoja ya pete ni nzito, na naiweka juu ya vitufe kwa yeyote ambaye mikono yake iko kwenye unga muda mwingi. Nina mashaka mawili. La kwanza, pete hailii. Anayeondoka jikoni kwenda kuanua nguo hatakumbushwa na chochote. La pili, meno ya pembeni mwa pete ndiyo maficho mapya ya unga, na chini ya pete kuna nafasi ambayo mafuta yakiingia huifanya izunguke kwa shida. Lakini kwa kuwa ni saa ya mita 200, unaiweka chini ya bomba ukaizungusha mizunguko kadhaa ndani ya maji, na uchafu unatoka. Kwa hiyo imefaulu kipimo cha kuoshwa vizuri kuliko G-Shock.

NyandaZaJuu

Ndugu zangu, nachangia kidogo kutoka Mbeya. Msinunue saa inayohesabu kwa ustadi kisha mkaiwekea dakika za mtu wa pwani. Huku tuko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94, na Nairobi ni vivyo hivyo. Mayai yanayoiva kwa dakika 10 Tanga yanataka zaidi huku, na maharage ndiyo usiseme. Ndiyo maana mimi hupenda saa inayohesabu kwenda mbele, kwa kuwa inaniambia sufuria imekaa muda gani, kisha naamua mwenyewe kwa kuonja. Inayohesabu kurudi nyuma inanipigia kelele kwa muda nilioubuni.

Shemeji_wa_Induksheni

Swali fupi kwa fundi. Serikali inasukuma nishati safi ya kupikia, mkakati wa taifa wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wafikie huko, na mimi nimenunua jiko la induksheni. Nimeambiwa litaua saa yangu ya mitambo kwa sumaku. Ni kweli?

FundiWaMishale

Shemeji, kuua ni neno kubwa. Jiko hilo hupasha sufuria kwa uga wa sumaku unaobadilika makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na nguvu yake hupungua haraka sana kadiri unavyojitenga na sahani. Mkono ulio juu ya mpini wa sufuria uko mbali vya kutosha. Mkono unaolazwa kando ya sufuria ili kufuta sahani jiko likiwa linawaka ndio wenye hatari.

Saa ya mitambo ikipata sumaku, ule uzi mwembamba wa chuma unaopiga mapigo hunatana na saa huanza kukimbia, wakati mwingine kwa dakika nyingi kwa siku. Fundi huiondoa sumaku hiyo kwa kifaa chake katika muda mfupi. Saa ya mishale ya betri inaweza kusita ikiwa karibu sana, kwa sababu injini yake ndogo hutumia sumaku, kisha ikaendelea ikiwa imechelewa. Saa ya namba haina injini, kwa hiyo haina cha kusita. Mimi naogopa zaidi kifuniko cha simu chenye sumaku kuliko jiko lako.

MuuguziWaWodi

Naomba kuongeza jambo ambalo halijaguswa, nalo ni kuungua.

Mafuta ya moto au uji ukimwagikia mkono mtupu, hutiririka na kuanguka. Ukimwagikia mkono wenye saa, sehemu yake huingia chini ya mkanda na kubanwa palepale juu ya ngozi, na jeraha la chini ya mkanda huwa la kina kuliko la pembeni. Mkanda wa nailoni ni mbaya zaidi kwa hili, kwa kuwa unanyonya mafuta na kuyashikilia. Mkanda wa chuma una tatizo lake: ukiuegesha kwenye ukingo wa karai la mandazi unapata joto na kuligawa mkono mzima.

Likitokea, saa ivuliwe mara moja kabla mkono haujavimba, kisha mkono uwekwe chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Si barafu, si dawa ya meno, si ute wa yai. Kwa sababu hiyo naunga mkono sana hoja ya kifungio kinachofunguka kwa mkono mmoja, na ningeongeza kwamba saa ya jikoni ivaliwe ikiwa imelegea kiasi cha kuingiza kidole. Anayekaanga kwa mafuta mengi aivue kabisa na kuitundika msumarini, kwa kuwa mandazi huiva kwa kutazamwa rangi.

MwikoMpana

Dada Muuguzi, ahsante sana. Nilitaka pia kuandika kuhusu kuvaa uso wa saa upande wa ndani wa kifundo, kama wafanyavyo baadhi ya madereva, na maelezo yako yamenisaidia kulimaliza. Watu hufanya hivyo ili kukilinda kioo. Lakini mpishi akinyoosha mkono juu ya chungu, kiganja hutazama chini, na kioo kikiwa ndani ndicho kinachokutana na mvuke wa kwanza. Iacheni saa nje.

Kuhusu kioo chenyewe sina mengi. Saa za bei nafuu huwa na kioo cha plastiki, kinachokwaruzwa na stili waya lakini hakipasuki vipande ndani ya chakula, na mikwaruzo yake midogo hung'arishwa ikatoka. Kwa jikoni nakipenda kuliko kioo cha kawaida, ambacho kikipasuka juu ya bakuli la unga, unga wote unatupwa.

Kwa walioniuliza faraghani ninunue ipi: anayepika nyumbani kwa sufuria mbili au tatu achukue saa ya namba ya mita 100, inayohesabu kurudi nyuma, yenye mkanda wa plastiki usio na mifereji, na AE-1200WH ni mfano tosha. Anayekanda na kusukuma sana, achukue ya pete. Mwenye F-91W tayari asiitupe. Ahakikishe tu kwamba ni halisi, ingawa ile mbinu ya kushikilia kitufe cha kulia kwa sekunde tatu mpaka neno CASIo lijitokeze haitoshi tena, kwa kuwa watengenezaji wa bandia wameiiga, na saa bandia raba zake ni za kubahatisha.

Mgeni_wa_Jukwaa

Samahanini wakuu, nimechelewa. Yangu imeshaingia ukungu chini ya kioo tangu futari ya jana. Nimeizika kwenye debe la mchele. Nisubiri siku ngapi?

FundiWaMishale

Itoe sasa hivi, ndugu yangu. Mchele hauwezi kuvuta unyevu kupita raba ambayo maji yenyewe yalihangaika kuipita, na vumbi lake la unga litaingia kwenye vitufe. Saa iliyofungwa hukaa na maji yake hadi ifunguliwe. Kama ni ya mishale, vuta kile kidude cha pembeni ili isimame. Kisha ipeleke kwa fundi leo hii, afungue mgongo, atoe betri, akaushe mashine kwa hewa kavu, na aweke raba mpya. Ikikaa na betri na maji kwa wiki moja, kutu itashika miguu ya betri, na hapo tutazungumzia kununua mashine, si raba. Huo mchele uoshe vizuri kabla ya kuupika.